Muulize Mgosi: Kunguni Hana Jina la Mama

*Mgosi, shikamoo. Nimepanga chumba na sebule Manundu, Korogwe, nyumba ya wapangaji sita. Kunguni wametushinda. Kuna kijana wa bomba anataka elfu ishirini apulize kwangu leo leo. Kuna kampuni ya Tanga mjini inataka laki moja na themanini kwa nyumba nzima, na inasema ni lazima irudi mara ya pili. Mwenye nyumba anasema yeye alipangisha vyumba, hakupangisha kunguni. Nimwite nani? — Mng'atwa, Manundu*

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi, si yule mama wa gazeti la pili ambaye ukimwandikia kuhusu ndoa anakwambia samehe, ukimwandikia kuhusu mchwa anakwambia samehe. Kunguni utamsamehe mpaka lini?

Swali lako ni jepesi na nitalijibu sasa hivi. Ila ni haki yako kujua kwanza unazungumza na nani. Mimi nilikuwa kondakta wa basi la Korogwe na Handeni enzi njia ni vumbi tupu, kabla ya hizi kilomita 65 za lami mnazotelezea siku hizi mkidhani mlizaliwa nazo. Mlango wa basi lile ulikuwa wangu. Hakuna godoro lililopanda kwenye keria bila mimi kulifungua kamba na kulikagua juani. Nageuza pindo, napitisha ncha ya ufunguo kwenye mshono taratibu, naangalia kinachotoka. Vidoa vyeusi vilivyogandia kitambaa: hiyo ni damu ya mwenye godoro, imeshaliwa na kutolewa. Vijiyai vyeupe vidogo kuliko kichwa cha pini, vimebanana konani. Maganda ya rangi ya chai, maana kunguni kila akikua huvua gamba lake na kukuachia. Mama mmoja alinijia juu, akasema godoro lile ni la harusi. Nikamjibu ndiyo maana waalikwa wengine wameshawahi.

Watu walinuna, lakini nilikuwa na hoja. Kunguni hana mabawa wala hajui kuruka. Husafiri kwa nauli ya mtu: ndani ya begi, kwenye sofa la mtumba, kwenye shuka la gesti. Na Korogwe, mwanangu, ni mji wa njia kuu. Mabasi ya Dar es Salaam yakishaiacha Segera, hayana pa kupita kwenda Moshi na Arusha isipokuwa mlangoni kwetu. Kila mwenye begi ameshuka hapa kunyoosha miguu. Kwa hiyo acha kuona aibu na acha kufua mapazia kwa hasira. Nimewaona kunguni kwa mchafu na nimewaona kwa bibi mmoja aliyekuwa anapiga deki mara mbili kwa siku. Wao wanataka damu, hawakagui vyombo.

Kama huamini, waulize Wafaransa. Mwaka 2023 jiji la Paris lilishikwa na kiwewe: kunguni kwenye sinema, kunguni kwenye treni, na mashindano ya Olimpiki ya 2024 yanabisha hodi. Waziri wao wa usafiri akawaita kikaoni wakubwa wa kampuni za treni na mabasi. Mimi nilikaa barazani simu imejaa chaji. Waziri wa usafiri anatafuta mtu mwenye uzoefu wa kunguni ndani ya chombo cha abiria, sasa hapo unahitaji nani mwingine? Hawakupiga. Sawa. Walijue tatizo lao.

Na hao hao ndio wanaotamba kwamba wana mashine ya kupasha chumba kizima joto mpaka kunguni na mayai yake wafe, nyuzi 50 hivi, joto likae hapo hapo mpaka lipenye kwenye mbao. Hongereni! Mimi na pasi yangu ya mkaa tulikuwa huko zamani. Unaitia makaa, unaipitisha kwenye mshono wa godoro juu ya kitambaa chenye unyevu, polepole, na mtu mwingine amesimama na ndoo ya maji kwa sababu godoro la sponji halina subira. Chaga za kitanda unazitoa nje, unazimwagia maji yanayochemka kwenye matundu ya misumari. Nguo na shuka unazifua kwa maji ya moto. Njia hiyo niliipa jina langu. Haijasajiliwa popote, lakini ipo. Petroli na mafuta ya taa usiguse. Kunguni watakufa, na nyumba nayo itakufa.

Halafu usije ukanishawishi habari za mganga. Najua sifa tuliyopewa watu wa Handeni. Kuna watu wanashuka Mkata wamekumbatia kuku mweupe kabla hata hawajauliza choo kiko wapi. Kwa kunguni haisaidii. Mganga yeyote anayejiheshimu atakuuliza jina la adui na jina la mama yake. Utamjibu nini?

Kuhusu mwenye nyumba wako, dawa ninayo na haina sumu. Mwalike. Sisi watu wa Tanga hatushindwi kukirimu mgeni. Mpikie wali wa nazi na samaki, mcheleweshe kwa maongezi mpaka giza liingie, mtandikie kitanda kile kile, ukalale kwa jirani. Usimuamshe. Kunguni hutoka zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, mwili ukiwa umetulia, kwa hiyo usingizi wake ndio ushahidi wako. Asubuhi mpe chai na karatasi ya kusaini kuchangia gharama. Akibisha, mwambie abaki na usiku wa pili.

Sasa kijana wa bomba. Namjua bila kumwona. Ana kipaza sauti begani, sauti imerekodiwa zamani na inajirudia: dawa ya panya, mende, kunguni, sisimizi, viroboto. Mimi nilishawahi kumwambia mmoja wao kwamba sauti hiyo haina mvuto, anitafute nimrekodie bure, mimi niliyekuwa nikiita "Sindeni, Handeni!" mpaka mbwa wanapanda basi. Hakunitafuta. Ila mwulize wako mambo machache. Dawa hiyo inaitwaje, na kibandiko chake kiko wapi? Akikutolea chupa ya maji ya kunywa yenye kitu cheupe ndani, mwonyeshe mlango. Huku kwetu chini ya milima ya Usambara, nyanya na kabeji zinapuliziwa kila wiki, na bomba lililotoka shambani asubuhi huingia chumbani kwa mtu jioni na dawa ile ile. Dawa ya kabeji haikutengenezwa ilaliwe.

Na hata kama dawa yake ni ya ndani, kuna jambo ambalo hatakwambia. Dawa nyingi za kupuliza majumbani ni ndugu wa pareto, lile ua tunalolima wenyewe nyanda za juu kule Iringa na Mbeya. Wenye viwanda waliiga kemikali yake, wakaitia kwenye makopo na kwenye vyandarua. Sasa kunguni wamelala na vyandarua hivyo miaka na miaka, wakafa wanyonge, wakabaki wababe, na watoto wa wababe ndio walio kitandani kwako. Kijana akizidisha kipimo mara tatu, atakayekohoa ni wewe. Halafu mayai. Dawa nyingi haziui yai. Yai linaanguliwa baada ya wiki moja au mbili hivi, mtoto anatoka na njaa, na kijana wa elfu ishirini wakati huo yuko Mombo anapiga kipaza sauti.

Umeshaona ninakoelekea. Kampuni iliyosema itarudi ndiyo imekwambia ukweli. Na imetaka nyumba nzima kwa sababu kunguni hupita kwenye nyufa za ukuta, kwenye dari na kwenye tundu la swichi. Ukipuliza chumba kimoja umewapa likizo ya kwenda kwa jirani. Lakini usiwape hela kwa kuwa wamevaa ovaroli. Waombe kibali cha kazi hiyo kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile iliyorithi kazi za TPRI ya Arusha kwa sheria ya mwaka 2020. Waje wakague kabla ya kutaja bei ya mwisho. Fundi anayetaja bei kwa simu bila kuinua godoro ni kondakta anayekata tiketi bila kuuliza unashuka wapi, na mimi sikuwa kondakta wa hivyo, waulize wazee wa Sindeni. Kuna mzee pale mpaka leo akiniona anasimama. Wengine wanasema ni mgongo. Mimi najua ni heshima.

Nilikuwa wapi? Mhariri ananiambia kuna barua ya pili.

*Mgosi, panya wanamaliza mahindi yangu ndani na kunguni wananimaliza mimi. Jirani kanipa vidonge vya ghalani, anasema niweke viwili chini ya kitanda, nifunge mlango, vitaua wote. — Mwenye Gunia, Chanika, Handeni*

Usiviweke. Vitoe nyumbani leo, vikiwa ndani ya kopo lake lililofungwa vizuri, mkabidhi bwana afya au bwana shamba, usivitupe chooni wala usivimwagie maji. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa tu vinatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haibaki chumbani mwako, inapita chini ya mlango na juu ya dari kwenda alikolala mtoto wa mpangaji mwenzako. Huko Dubai na Sharjah wamekufa watoto kwenye fleti za watu kwa sababu jirani alitega vidonge vya kunguni fleti ya pembeni. Aliyeivuta hana dawa maalumu ya kumrudisha, hospitali watahangaika naye tu. Hapo sina utani.

Utani narudi nao kwenye panya, kwa sababu na panya nina kesi. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na silaha ambazo hazijalipuka zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvika medali ya dhahabu. Panya! Amevaa medali shingoni, picha imezunguka dunia, alipokufa mwaka 2022 akatangazwa. Mimi nimenusa magodoro ya wilaya mbili na sina hata cheti cha kutundika sebuleni. Nimeandika barua. Sitaki kusema nimemwandikia nani.

Panya wako hawana medali, kwa hiyo watege. Mitego ya kubana, kandokando ya ukuta, maana panya hapiti katikati ya chumba. Chambo ni dagaa wa kukaanga. Ziba kila tundu linalopitisha kidole gumba kwa saruji na vipande vya chupa, gunia liwe juu ya kichanja, mbali na ukuta. Ila ukiona panya wanakufa wenyewe ovyo, usifurahie wala usimshike hata mmoja. Mwite bwana afya. Wenzetu wa Lushoto hapo juu walipambana na tauni kuanzia mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Panya akifa, kiroboto wake hahudhurii mazishi, anatafuta mwili mwingine wenye joto, na ulio karibu ni wako. Ndiyo maana pale penye tauni huanza kuuawa kiroboto, ndipo zamu ya panya ifike. Hili nilimweleza abiria mmoja toka Korogwe mpaka Handeni bila kupumua. Aliposhuka alinishukuru, nadhani.

Mhariri anaonyesha saa. Haya, upesi.

Mng'atwa: mwite wa Tanga mjini. Laki moja na themanini kwa wapangaji sita ni elfu thelathini kila mmoja, elfu kumi tu juu ya yule wa kipaza sauti ambaye mngemwita tena mwezi ujao. Mwenye nyumba akichangia ndiyo mnashuka zaidi. Nusu mbele, nusu wakirudi baada ya wiki mbili hivi, na risiti. Siku ya kupuliza watu wote, watoto na kuku wakae nje mpaka dawa ikauke na hewa ipite, unga na vyombo vifunikwe. Usipige deki pembeni kwa siku kadhaa, dawa ibaki ikifanya kazi. Godoro usimpe mtu.

Mwenye Gunia: umeshajibiwa, na kwa kunguni fanya kama Mng'atwa.

Bwana wa Kabuku mwenye popo darini: subiri jioni watoke kwenda kula, uzibe tundu, ila kwanza hakikisha hawajaacha watoto ndani. Bibi wa Mashewa anayeuliza kama mimi nimeoa: nipo, namba yangu anayo mhariri.