Ukuta Uliohamia Msimbazi

Mwaka 2004 Philips walianza kuuza televisheni zenye taa kwa nyuma, zinazomwaga ukutani rangi zilezile zinazopita kwenye kioo. Ikionyeshwa bahari, ukuta unakuwa buluu. Nyumba ikiungua, sebule nzima inawaka. Wao wanaiita Ambilight. Mimi naiita "tulipe kodi kwanza". Ndiyo maana watu wa kipato changu hujitengenezea wenyewe, nyuma ya monita ya kompyuta, kwa mkanda wa taa, bodi ndogo ya Arduino, chaja ya simu na ubishi.

Mkanda wenyewe si ule wa saluni na bajaji, na jambo hili si rahisi kulieleza Kariakoo. Muuzaji alinitolea wa volti 12, akabonyeza rimoti, ukawaka zambarau mwanzo hadi mwisho. "Huu hapa bosi, rangi zote zimo." Nikamwambia nataka kila taa iwake rangi yake.

"Yaani hii nyekundu, hii kijani, wakati mmoja? Unafungua baa?"

Nikasema ni ya kompyuta. Akamwita mwenzake aje asikie kwa masikio yake. Mwenzake, Mungu amzidishie, alikuwa nao: WS2812B, volti 5, taa 60 kwa mita. Ukikodoa macho unaona ndani ya kila taa kijidoa cheusi chenye nyuzi nyembamba za dhahabu. Hicho ndicho kichipu kinachoifanya kila taa ijitegemee.

Kazi inakwenda hivi. Programu kwenye kompyuta (natumia Prismatik, ya bure) inachungulia kingo za kioo mara nyingi kwa sekunde, inapiga wastani wa rangi ya kila kipande, inazituma kwa Arduino, nayo inazisukuma kwenye mkanda. Taa ya kwanza inachukua rangi yake na kupitisha zilizobaki kwa ya pili, kama sahani za pilau zinavyopita mkono kwa mkono kwenye hitma. Zinapita upande mmoja tu, na kimshale kimechapwa kwenye mkanda kukuonyesha upande huo. Kwenye kila kona unakata mkanda, unalehemu waya tatu kwenye vishaba vitatu vilivyobanana, unabandika. Gundi ya mgongoni bila shaka walitengenezewa watu wenye kiyoyozi. Kwa joto la Dar es Salaam mkanda ulijibandua taa moja baada ya nyingine, taratibu, huku nautazama, hadi ukabaki unaning'inia kwa waya. Nikaufunga kwa solotepu.

"Hiyo chaja si yangu?" aliuliza mama watoto akipita. Nikajifanya nahesabu taa.

Uzinduzi niliupanga siku ya dabi ya Kariakoo. Mjomba, kaka yake mama, ni Simba wa zamani. Timu anaikumbuka tangu ikiitwa Sunderland, kabla ya 1971. Shemeji, mdogo wake mama watoto, ni Yanga, na hukumbusha watu bila kuulizwa kwamba Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936. Nikazima taa ya sebuleni, nikafungua mechi, ukuta ukawaka.

Ukawaka mwekundu.

Fundi yeyote wa taa hizi angenicheka. Mkanda huu unasoma kijani kwanza, ndipo nyekundu, ndipo buluu. Programu ikituma nyekundu kwanza, hizo mbili zinabadilishana viti. Na dabi kwenye kioo ni nini, kama si nyasi? Kijani kila upande. Basi ukuta wangu wote, kuanzia swichi hadi kalenda, ulikuwa mali ya Msimbazi, nyumbani kwa Simba.

"Mwanangu," Mjomba alisema, sauti imelainika, "hii elimu haikupotea bure."

Shemeji alikaa kimya kwa dakika chache. "Shemeji, hicho kitu kimehongwa."

Furaha ya Mjomba nayo haikudumu. Kamera ilipoelekea jukwaa la Simba, jezi nyekundu zikajaa kioo, na ukuta ukageuka kijani kibichi cha Yanga. Akainuka nusu. Ikaenda jukwaa la Yanga. Njano ikabaki njano, maana njano kwenye taa hizi ni nyekundu na kijani zimechanganyika, hata ukizibadilisha haijali. Shemeji alipoona hivyo akaniambia niache hivyohivyo, teknolojia inawajua wenyewe.

Mapumziko nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha mpangilio wa rangi, neno moja tu. Kipindi cha pili nyasi zikawa nyasi: ukuta kijani, sahihi kabisa. Mjomba akavua miwani. "Umefanya nini?"

"Nimerekebisha, Mjomba."

"Nani alikwambia ilikuwa imeharibika?"

Ubaridi ukatanda. Ili kuokoa undugu nikaamua taa zote ziwe nyeupe, rangi isiyo na chama. Sasa taa moja ikiwaka nyeupe kamili hula karibu miliampia 60, nami nilikuwa na zaidi ya 100. Hizo ni ampia 6, na chaja ya mama watoto ina 2. Umeme ukafika mwisho wa mkanda hoi. Na volti zikipungua, buluu na kijani hufifia mapema, nyekundu hubaki imesimama kwa sababu inahitaji volti chache. Upande wa swichi ulikuwa mweupe safi; ukisogea unakuwa wa manjano, kisha chungwa, na pale kwenye kalenda wekundu mtupu.

Shemeji alinyoosha kidole. "Naona pale kona. Naona kila kitu."

Mama watoto, ambaye mpira haumhusu, alikuwa amesimama mlangoni na simu yenye asilimia nne. "Si mweke buluu tu? Mnipe chaja yangu."

Kwa kweli alikuwa na hoja. Buluu haiguswi na ule mpangilio, na ikiwaka peke yake inakula theluthi ya umeme wa nyeupe. Nikaweka. Ukuta ukatulia, rangi moja kuanzia swichi hadi kalenda, na tukatazama mpira kama dakika moja hivi.

"Buluu," alisema Mjomba, "si jezi ya Azam hii?"

Shemeji akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu mechi ianze wakakubaliana: hapa si Chamazi, nizime.