Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mfumo

Kilosa Mjini

Kwako Mheshimiwa Mfumo,
Ofisi za Kodi,
Popote mtandao unaposhika.

YAH: OMBI LA KUMWACHISHA KAZI MAREHEMU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu. Chumba changu cha kazi kiko hapa Kilosa, katikati ya fundi cherehani na duka la mbegu. Kama hunifahamu sishangai, kwa sababu kwenye kumbukumbu zako mimi ni mwakilishi wa nyumba ya wageni huko Mikumi ambamo sijawahi kulala hata usiku mmoja. Nakuandikia wewe badala ya ofisa yeyote kwa kuwa kila ofisa niliyemwendea amenirudisha kwako. "Mhasibu, mimi nakuelewa kabisa, ila mfumo haukubali." Nikaona kumbe huyu asiyekubali ndiye bosi. Hao wengine ni watu wema tu, wanakukaribisha kiti na kukupa pole ya safari.

Shauri lenyewe ni hili. Nina mteja, mama mmoja wa Munisagara, mwenye mashine ya kukoboa na kusaga. Miaka michache iliyopita yeye na wanawe wawili waliigeuza biashara kuwa kampuni, baada ya kuambiwa kwamba ukitaka kuuza unga shuleni lazima uwe kampuni. Sasa kampuni haina mdomo. Anatakiwa mtu wa kuisemea mbele yako: kuingia, kuwasilisha ritani, kuomba kumbukumbu namba ya malipo. Mtu huyo alikuwa mhasibu mwenzangu, mzee wangu katika kazi hii, aliyenifundisha kusawazisha hesabu kwa penseli kwanza na kalamu baadaye. Alifariki. Nilibeba jeneza upande wa kushoto. Cheti cha kifo nimekileta mara tatu, na mara ya tatu kilikuwa na muhuri wa mwanasheria.

Wewe bado unaye kazini.

Niliomba niandikwe mimi mahali pake. Mama alitia saini, wanawe wakatia saini, muhtasari wa kikao cha wakurugenzi ukaambatishwa (kikao kilifanyika chini ya mwembe, lakini akidi ilitimia). Ofisa wa dirisha la pili akageuza kioo cha kompyuta ili nami nione. Palikuwa pameandikwa kwamba ombi linasubiri ridhaa ya mwakilishi aliyepo. Tukatazamana. Nikamuuliza tumsubiri mpaka lini. Akanijibu, bila hata chembe ya dhihaka, kwamba kwa kawaida inachukua siku saba za kazi.

Lazaro alitoka kaburini siku ya nne, Mheshimiwa, na sidhani kama waliruka Jumamosi na Jumapili.

Nikasema basi, tuingie kwa jina la marehemu mpaka mambo yatakapotengemaa. Hapo ukatuma namba ya siri ya tarakimu sita kwenye simu yake. Laini ya mtu asiyeweka vocha haikai kaburini pamoja naye. Mtandao huichukua ukaiuza upya. Nilipiga ile namba nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Akapokea kijana wa bodaboda, Tunduma. "Kaka," akasema, "hivyo vinamba vinanijia kila mwezi, nilidhani ni kamari." Nikampa mama azungumze naye. Walisalimiana vizuri sana, shikamoo mama, marahaba mwanangu, na habari za mvua pande zote mbili. Kisha kijana akamsomea tarakimu moja moja, naye mama akaziandika kwa mkaa kwenye gunia tupu. Tulipomaliza kuziingiza, muda wake ulikuwa umekwisha. Kijana akasubiri nyingine, abiria wake amekaa nyuma akilalamika. Tumekuwa tukifanya hivyo tangu wakati huo, na kila mwezi mama humtumia hela ya soda. Kwa hiyo ukitaka kujua nani hasa anaisemea mashine ya Munisagara mbele ya serikali, ni huyo, na pikipiki yake ni nyekundu.

Siku moja, huku tukihangaika, nikapigiwa simu usiku. "Samahani, wewe ndiye mhasibu wangu?" Alikuwa mwenye ile nyumba ya wageni ya Mikumi. Alikuwa amenitafuta kwa miezi. Ameniandalia chumba.

Usidhani watu wa wilaya hii ni wageni wa mambo ya idhini. Tarehe 29 Novemba 1884, hapa kwetu Msovero, Chifu Mangungo aliwekewa mbele karatasi ya Kijerumani na Karl Peters, kijana wa miaka 28 aliyevuka kutoka Zanzibar wiki chache tu nyuma. Kila aliyekaa darasani Tanzania anakijua kisa hicho. Karatasi ilisema Mangungo amewakabidhi nchi na mamlaka yake watu ambao hajawahi kuwaona. Siku chache baadaye ikaandikwa nyingine kwa jina la Muinin Sagara, anayetajwa humo kuwa bwana wa Usagara yote. Litamke jina hilo harakaharaka na utajikuta unashuka kwenye stesheni ya mteja wangu. Tarehe 27 Februari 1885 karatasi hizo zilikuwa zimeshapata hati ya ulinzi ya Kaisari, Berlin. Miezi mitatu, tena kwa miguu na meli! Ombi letu la kubadilisha msemaji wa mashine ya unga linaingia mwezi wa tano, na hakuna anayetembea kwa miguu ila mimi.

Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipinga. Agosti 1885 akajibiwa na manowari za Kijerumani zilizosimama mbele ya kasri lake. Sisi tuna bahati, tunayo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Ukikataa makadirio unapewa siku 30 za kuweka pingamizi, na utangulize theluthi moja ya kodi au ile sehemu usiyoibishia, iliyo kubwa kati ya hizo. Nakiri kwamba ni nafuu kuliko manowari. Tatizo ni kwamba pingamizi huingizwa na mwakilishi, na mwakilishi wetu nimeshakueleza aliko.

Vielelezo vipo, kama utavihitaji. Mama huvihifadhi kwenye dumu la lita ishirini lililokatwa mdomo na kufungwa nailoni, desturi iliyomwingia baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yale yaliyong'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Maji hayagusi kitu humo. Lakini risiti za mashine ya EFD hazihitaji mafuriko, zinafifia zenyewe. Sheria inamtaka atunze nyaraka miaka mitano, na mashine uliyomlazimisha kununua inatoa karatasi isiyomaliza hata masika mawili. Nilifungua dumu lile juu ya meza yangu nikakuta mkono mzima wa karatasi nyeupe pe, zimepangwa kwa tarehe. Tarehe alizijua yeye kichwani.

Ila nisiwe mchoyo wa sifa, lipo jambo moja hulikosei. Ritani ya kampuni hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, na sisi, kwa sababu nilizokwisha kueleza, tulichelewa. Adhabu ikatoka. Haikwenda Tunduma. Haikwenda makaburini wala Mikumi kwa mgeni asiyefika. Ilikuja kwenye simu ya mama mwenyewe, saa moja asubuhi akiwa anapepeta pumba, majina yake matatu yote, herufi moja haijaruka. Aliniletea simu ofisini ikiwa bado ina unga. Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Kiasi hakikunishtua, nimeona vikubwa zaidi. Kilichonikalisha chini ni kwamba namba yake unayo.

Mama ametoa pendekezo, nami naliwasilisha kama lilivyo. Anasema tuache kubishana, tumwandikishe yule kijana wa Tunduma, maana ndiye pekee unayemwamini. Nimemwuliza kijana. Hana kinyongo, ila anataka kujua kama itabidi ahame kijiwe, na kama ile nyumba ya Mikumi ni sehemu ya kazi.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhasibu, Kilosa
(au Mikumi, kama unavyopenda)

Nakala kwa:
Mwakilishi aliyepo, kwa ridhaa.
Dereva bodaboda, Tunduma: ikifika namba nyingine, tafadhali piga haraka, hii ina dakika tano tu.