Yah: Ombi la Kumpatia Mzee wa Ndiva Namba ya Ukurasa

Mwenyekiti,
Kamati ya Masomo ya Uzamili,
Chuo Kikuu (mnajijua).

Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Same, na ni mwanafunzi wenu wa muda mrefu, mrefu kuliko mfuko wangu ulivyotarajia. Tasnifu yangu kuhusu ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia mashamba ya Pare Kusini, imerudishwa tena, na nimeyapokea maoni ya Kamati kwa unyenyekevu. Ukurasa wa 118: mkato baada ya jina la mwandishi uondolewe. Ukurasa wa 119: mkato uliokosekana baada ya jina la mwandishi uwekwe. Ukurasa wa 121: jina la jarida liwe kwa italiki pamoja na namba ya juzuu, ila namba ya toleo iliyo ndani ya mabano isimame wima. Kuanzia ukurasa wa 1 hadi wa 117, Kamati haina maoni. Nashukuru kwa imani hiyo.

Nina maombi machache. La kwanza linahusu jiji la Nairobi. Nilipoanza masomo mlitaka kila kitabu kitajiwe mji wa mchapishaji. Kwenye kitabu cha Profesa Isaria Kimambo cha 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare nikaandika Nairobi, nukta pacha, East African Publishing House. Oktoba 2019 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikatoa toleo la saba la mwongozo wake wa APA na kuifuta miji yote duniani. Mkaniagiza niifute Nairobi, nikaifuta. Mtahini wa nje akaiulizia, nikairudisha. Sasa Kamati inauliza Nairobi inafanya nini pale. Naomba mkae naye, mnywe chai, mwafikiane kama Nairobi ipo au haipo. Nitaridhika na jibu lolote, hata likiwa la kuihamishia Mombasa.

La pili, majina. Mmeniagiza nianze na jina la mwisho, nami nimetii. Kwa utii huo, Ujamaa, kitabu cha mwaka 1968, kimeingia katika orodha yangu chini ya Nyerere. Nyerere ni jina la baba, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyefariki mwaka 1942. Mwandishi mwenyewe amebaki herufi mbili nyuma ya mkato. Huku milimani mambo ni magumu zaidi, maana jina la mwisho ni la ukoo, na ukoo ni nusu ya kijiji. Akina Mbwambo na akina Mshana walioko kwenye marejeo yangu wangetosha kufungua SACCOS. Mnataka niwatofautishe kwa herufi za mwanzo. Ninao wenye herufi za mwanzo zilezile, na ni binamu.

La tatu ndilo lililonifanya niandike barua.

Yuko mzee mmoja upande wa Vudee ambaye sura ya nne yote imetoka kinywani mwake. Ndiye aliyenieleza maji ya mfereji yanavyoachwa yajaze ndiva usiku kucha, nani huifungua asubuhi, zamu inavyogawanywa mwaka wa ukame, na ukoo gani ulichimba nini. Kanuni yenu inasema huyu ni "mazungumzo binafsi". Anaruhusiwa kutajwa ndani ya mabano, mara moja, kisha atoweke; kwenye orodha ya marejeo haruhusiwi kukanyaga, kwa sababu msomaji hawezi kumpata.

Hawezi kumpata! Ashuke Same, apande gari la Vudee, amuulize mtoto yeyote. Atampata mzee, atapata kigoda, na akichelewa kuondoka atapata makande. Makala za majarida mlizoziidhinisha nimebofya viungo vyake nikiwa hapa Same, na nyingi zimenitaka kwanza nilipe dola. Mwaka 2002 mwanaanthropolojia Michael Sheridan alichapisha katika jarida la American Anthropologist makala ambayo kichwa chake kinaufananisha mlango wa mfereji na tumbo la uzazi, na aliyapata hayo kwa kukaa na watu wa Pare Kaskazini. Kazi nzuri, simlaumu. Imeingia kwenye orodha yangu kwa italiki bila swali. Mzee wangu naye akisubiri mgeni aje amhoji, akayachapishe Ulaya, nitaruhusiwa kumnukuu mzee kupitia mgeni.

Kwa hiyo naomba Kamati ipande mlimani ikamsajili.

Njooni wote. Gari huondoka likijaa, basi leteni ule uvumilivu mliotufundisha. Mzee atawapokea ukingoni mwa ndiva. Kwanza mgeuzeni jina: la ukoo litangulie, mkato, kisha herufi ya kwanza ya jina alilopewa na mama yake, nukta. Hatakuwa na kinyongo. Makarani wa kila namna wameshamgeuza jina na ameishi. Mwaka wa kuchapishwa utasumbua kidogo, maana alizaliwa mwaka wa njaa na njaa zilikuwa nyingi, andikeni "h.t.", yaani hakuna tarehe, ndani ya mabano. Mchapishaji ni ukoo wake. Toleo ni la nne, lililorekebishwa na kuongezwa, kwa kuwa maneno aliyapokea kwa baba yake, naye kwa baba yake, naye kwa baba yake.

Sasa umbo. Kila anapotaja jina la ndiva, mzee aegemee fimbo yake upande wa kuume, kiasi tu, hiyo ndiyo italiki. Anapotaja mfereji mmojawapo asimame wima, kwani huo ni sura ndani ya kitabu. Akikohoa, wekeni vitone vitatu. Mjumbe mmoja ashike rula: mzee aanzie ukingoni kabisa, na kuanzia sentensi ya pili asogee ndani sentimita 1.27, kama mwongozo unavyodai kwa kila rejeleo. Najua kwamba ndani maana yake ni ndani ya ndiva. Msihofu, mchana maji huwa yameshafunguliwa kwenda mashambani, hatazama kupita kifundo cha mguu. Mawe ya ukingo yapakwe namba kwa chokaa ili tujue alisema nini kwenye ukurasa upi, na mtu akimkatiza kwa salamu, basi huyo ni mhariri, naye atajwe. Mwishoni apewe DOI. Tutaipigilia mlangoni, chini ya kibao cha anwani ya makazi alichopewa mwaka 2022, ambacho nacho bado hakijamletea barua.

Mkifika siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, mtapewa majembe, nanyi mtalima tope pamoja na wengine. Asiyefika hutozwa faini. Wazee hawa wana daftari la waliofika, na sijawahi kusikia wakilirudisha kwa sababu ya nukta.

Nimeambiwa nisichoke, kwamba huo ndio usomi. Nimetafuta chanzo cha usomi huo. Mtindo wa jina na mwaka ndani ya mabano hutajwa kuwa ulianzia kwenye makala ya mwaka 1881 ya Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Harvard, kuhusu mayai ya konokono asiye na gamba. Kanuni za APA zenyewe zilianza mwaka 1929 zikiwa kurasa saba tu. Sasa ni kitabu chenye kurasa zaidi ya 400, na kurasa hizo zote zimekosa nafasi ya mzee mmoja wa Vudee. Konokono tunao, wanakula kabichi zetu, na wao wana rejeleo.

Ndugu Mwenyekiti, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza neno kuhusu maji. Ndiva zinajaa matope, vijana wanashuka mijini, mvua haieleweki, na sura nzima ya mapendekezo iko mikononi mwenu haijawekewa hata alama ya kuuliza. Mlianza kusoma kutoka mwisho mkaishia huko huko, kwa sababu mkato unaonekana kwa jicho na hoja inataka kusomwa. Kwa mkato huo nimekosa mahafali na nimelipa ada ya kuendelea na masomo, fedha ambayo ilikuwa karo ya mwanangu. Mwenzangu wa darasa alirudishiwa kazi hadi akaiacha, na alikuwa anajua udongo wa milima hii kuliko yeyote aliyemsahihisha.

Samahani, nimetoka nje ya kichwa cha habari.

Maombi madogo yaliyosalia: ada irudishwe. Kila mjumbe awasilishe orodha ya marejeo ya tasnifu yake mwenyewe, tuipitie kwa kalamu nyekundu. Na ile programu ya kukagua wizi wa maandishi ielezwe msimamo wake, kwani marejeo yangu yakikosewa Kamati inayarudisha, na yakiwa sahihi kabisa programu inasema yanafanana na ya watu wengine.

Mnazijua sifa zetu. Taifa zima hututania kwamba Mpare akidhulumiwa kuku yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi. Mimi nimedhulumiwa mkato, na ng'ombe ninao. Kadhalika mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same kuikataa kodi ya mbiru, wakakaa pale wakidai majibu kwa mkoloni. Sitishii. Nimeweka rejeleo tu, na Kimambo amelitungia kitabu chake cha 1971, kwa hiyo linakubalika.

Nitashukuru nikijibiwa kabla dirisha la ada halijafungwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi, Same.

Nakala:
Mtahini wa nje (jibu kuhusu Nairobi bado linasubiriwa).
Msimamizi wangu, ambaye alishastaafu.
Mzee wa ndiva, Vudee: amesomewa kwa mdomo, hivyo isihesabiwe.