Mhadhara wa Chuma Kilichomo Mguuni

Waheshimiwa wa kijiwe, wanywa kahawa wa kudumu, nanyi mnaosubiri daladala mkijifanya hamsikilizi: salaam. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha wakanyamaza. Je, guu likishatiwa chuma na kupona, chuma kitolewe au kibaki? Kipande hicho cha elimu wameniachia mimi.

Mnauliza nimesomea wapi. Nimesomea kwenye benchi la kliniki ya mifupa, nikimsindikiza shemeji yangu wa bodaboda kwa miezi 18. Wapo madaktari waliomaliza chuo bila kulikalia benchi lile hata dakika moja.

Tuanze na historia, maana mhadhara usio na Mjerumani hauna uzito. Mwaka 1940, mjini Berlin, Gerhard Küntscher aliwaeleza wapasuaji wenzake namna ya kupitisha msumari mrefu ndani ya mfupa wa paja, katikati kwenye uboho, ili mgonjwa asimame mapema badala ya kulala miezi mguu ukining'inia. Msumari wa shemeji ni mjukuu wa ule. Na jina la Mjerumani nimelitamka sawasawa. Anayecheka alitamke yeye.

Sasa, yapo madhehebu mawili. Madhehebu ya Toa, ambayo niliyaongoza mwenyewe, hufundisha kwamba chuma kitashika kutu na masika kitavuta radi. Daktari mmoja akanisikia nikihubiri, akasema vyuma hivyo ni titani, au chuma cha pua kisichoshika kutu. Nikamuuliza, kama ni cha pua, kimefikaje mguuni? Hakujibu. Kuhusu radi alinitazama tu, nami nikahesabu kwamba amekubali nusu.

Madhehebu ya Acha yana hoja chache, ila zinauma. Kutoa chuma ni operesheni nyingine kamili: nusu kaputi, kisu, mshono, na hatari ya kidonda kuingia vijidudu. Skrubu iliyokaa miaka hukumbatiwa na mfupa. Ukiifungua, kichwa chake huweza kulika kama cha skrubu ya redio kuukuu. Katika mkono, mishipa ya fahamu inaweza kujeruhiwa. Na skrubu ikitoka huacha tundu, na mfupa wenye matundu ni dhaifu kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Ukiukimbiza mapema, unavunjika tena. Shemeji alipolisikia hilo alishika funguo za pikipiki kama mtu anayeshika tasbihi.

Msidhani kwamba Acha wameshinda. Kwa watoto, madaktari wengi huvitoa mapema, kwa kuwa mfupa unaokua unaweza kukifunika chuma kabisa. Mtu mzima naye ana sababu za kurudi: chuma kimetokeza chini ya ngozi, kinauma, kimelegea, kimevunjika, au kidonda kinatoa usaha. Hapo hakuna madhehebu, ni kliniki siku hiyohiyo. Pasipo usaha wala dharura, kwanza eksirei ionyeshe kwamba mfupa umeunga barabara, na kwa mifupa mikubwa ya mguu mara nyingi husubiriwa mwaka au zaidi.

Jumatano ya mwisho niliingia kwa daktari na swali langu lenye sehemu 7. Daktari aliinua eksirei kwenye mwanga.

“Kinakuuma?” akamuuliza shemeji.

“Hapana, dokta.”

“Unachuchumaa? Unapanda ngazi?”

“Vizuri kabisa.”

“Basi kiache. Kikianza kukusumbua, rudi.”

Dakika tatu! Miezi 18 ya utafiti wangu imezikwa kwa sentensi mbili, na sehemu zangu 7 zimebaki mfukoni.

Nimeutafakari uamuzi huo kwa kina na, kwa mamlaka niliyopewa na benchi, ninauidhinisha. Mtu mzima ambaye chuma chake kimetulia, akiache kitulie. Anayesumbuliwa nacho, apeleke eksirei yake kwa daktari wa mifupa, amuulize atapata nini kikitoka na atapoteza nini. Asije kuuliza kijiweni kwenye kahawa.

Isipokuwa nikiwepo. Na kahawa ya mhadhiri italipwa na yule aliyecheka.