Ndiye au Siye?

Fundi wa pale kona aliponitajia ujira wa kushona mapazia ya madirisha mawili, nilicheka. Pazia si kanzu, nikamwambia. Halina kola, halina mkono, halina kwapa. Ni kitambaa chenye pindo juu na pindo chini, basi. Fundi akatoa pini mdomoni, akasema, "Haya, bosi," akarudi kwenye sare zake za shule. Ile "haya" ningeisikiliza vizuri, leo ningekuwa na amani nyumbani.

Tuna cherehani ya miguu aliyotuachia bibi, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu. Nikapima madirisha ya sebuleni, nikapata mita tatu na nusu kwa yote mawili, pindo humo humo. Nikashuka Kariakoo, nikasema kwa sauti ya mjuzi, "Nikatie tatu na nusu." Muuzaji akakata. Kumbe mwenzangu anauza kwa yadi, na yadi ni sentimita 91 na chembe. Nikatoka pale nimepungukiwa sentimita 30, natembea kifua mbele. Tena alinionya kwamba ile ni pamba, niiloweke kabla ya kushona, la sivyo itarudi. Irudi wapi, wakati nimeshailipia?

Usiku nikaketi kwenye cherehani. Chombo hiki kina kisirani kimoja: gurudumu likizunguka kinyumenyume, uzi unakatika. Na mimi, sijui nimelaaniwa na nani, kila nikikanyaga linaanza kinyumenyume. Nilipofanikiwa kwenda mbele, mshono ulinyooka kama reli. Nikageuza kitambaa nikague chini. Tambi! Tambi za Idi kabisa, zimebaki sukari na iliki. Nikakaza skrubu, nikalegeza, nikabadilisha bobini, nikamlaumu hata marehemu bibi, Mungu amrehemu. Saa saba za usiku ndipo nilipogundua kuwa sindano nimeichomeka nyuma mbele. Pindo lenyewe lilianza na upana wa vidole viwili, likaishia kimoja.

Asubuhi nikayatundika. Chini pakabaki uwazi. Nikasema si neno, ni dirisha linapumua. Baada ya kuyafua mara ya kwanza, pamba ikarudi kweli, na uwazi ukafika shubiri nzima, sambamba kabisa na meza yetu ya chakula. Sitara yote tuliyonayo ikawa juu. Chini ni hadharani. Jirani akipita anasalimia sahani: "Naona leo dagaa, jirani!" Nikahamisha meza. Akaanza kuniuliza kwa nini siku hizi hatuli.

Hapo ndipo nilipofungua sanduku la mke wangu, ambaye alikuwa safarini Tanga kumchukua mama yake. Nikakuta doti ya kanga. Vipande viwili, madirisha mawili. Nani asiyeona mkono wa Mungu hapo? Nikakata ukanda wa chini wa kila kipande, ule wenye maandishi, nikaugawa katikati, nikaunganisha nusu huku na nusu kule. Safari hii sindano ilikaa sawa. Mguu nao ulitii.

Wakafika jioni, mapazia nimeyafunga yaonekane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama mkwe akaketi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasoma dirisha la kwanza taratibu: "Mdhaniaye ndiye, kumbe siye." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akageukia la pili, ambalo ndiyo kwanza nilitambua kwamba nusu zake nilizipishanisha: "Kumbe siye, mdhaniaye ndiye."

Akanitazama kwa muda. "Sasa baba," akaniuliza kwa upole, "ndiye au siye?"

Nilitafuta jibu kwa mke wangu, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na begi begani. Yeye maneno hakuwa akiyasoma. Alikuwa anaangalia rangi.