Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mfumo

Mheshimiwa Mfumo,
Popote seva zako zilipo.

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MASWALI KWENYE FOMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu wasaidizi wako wote wamenielekeza kwako. Kila dirisha ninalofika naambiwa mfumo uko chini, mfumo unasumbua, njoo kesho huenda mfumo ukawa umerudi. Nikaona basi mwenye ofisi ni wewe, hao wengine wanakulindia kiti.

Kwanza, pongezi. Rais Samia alipozindua Operesheni Anwani za Makazi Februari 2022, sisi wa Mlowo tulikuwa bado tunaelekezana kishamba: shuka njia panda ya Kamsamba, pita mashine ya kukoboa, ulizia kwa Mama Fulani. Wakaja vijana na simu janja, wakasimama mlangoni kusubiri setilaiti, nyumba ikapata namba, njia yetu ya vumbi ikapata jina, na kata ikawa na postikodi ya tarakimu 5. Ilikuwa mbio, maana ilibidi kuiwahi Sensa ya Agosti 23. Nguzo yenye jina la barabara yetu ingalipo, imeinama kidogo. Muuza mitumba huitumia kutundikia makoti, na kwa baridi ya Mbozi siwezi kusema haina faida. Dereva bodaboda ukimtajia namba ya nyumba anakusikiliza kwa heshima zote, halafu anauliza, "Ni pale kwa nani?"

Penye kuchukua, lakini, hupotei njia. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo unaikata kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi ilipoanza kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji wa chumba kimoja akinunua umeme, anaanza kwa kulipia ukuta usio wake. Tuliambiwa akae na mwenye nyumba wamalizane. Mheshimiwa, umewahi kupanga? Unamjua mwenye nyumba anayerudisha elfu moja? Na hilo la kukata sijasikia hata siku moja kwamba liko chini.

Naomba pia nikuoneshe mahali unapoishia, maana nadhani hujawahi kufika. Makao yako yana ulinzi, nywila na viyoyozi. Huku kwetu unaishia kwenye kaunta buku la wakala wa pesa za simu: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi isiibwe. Daftari lenyewe limeachwa wazi. Ukienda kutoa elfu kumi, unasoma kwa raha zako kwamba jirani aliyekuambia hana kitu alitoa laki tatu jana jioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ilipitishwa 2022 na ikaanza kazi Mei 1, 2023, ila kaunta haijafika. Wenzetu waliuliza mapema. Kule Toronto, kampuni ndugu ya Google ilitaka kujenga mtaa wenye vihisi kila kona. Watu wakahoji bila kuchoka taarifa zao zitakuwa za nani, na Mei 2020 kampuni ikaaga, ikitaja msukosuko wa uchumi wa korona. Sisi swali hilo hatukuuliza. Jibu liko pale kaunta, funua tu.

Sasa ombi lenyewe. Vijana wako waliuliza mlango uko wapi. Hakuna aliyeniuliza maji ya mvua yanapita wapi, na yanapita sebuleni kwangu. Wala hawakuuliza watoto wa shule wanavukia wapi barabara kuu wakati malori ya Tunduma yanashuka kana kwamba Zambia inafungwa jioni, au ni uchochoro gani gari la wagonjwa haliwezi kupita hata likiijua namba ya nyumba. Usinijibu kwamba haiwezekani. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam na wakazi wa Tandale, kwenye mradi wa Ramani Huria, walitembea na simu kama hizo hizo wakichora mitaro na mahali maji yanapotuama. Wao waliufikia mtaro. Wewe ulianza na mlango, ukaona umefika.

Ongeza basi safu tatu kwenye fomu: mtaro, kivuko, uchochoro. Ukizipata, zipeleke kwa wanaopanga mji kwa kasi ile ile unayopelekea makato. Na ikikulazimu kuanguka, maana nawe umeumbwa, jitahidi uanguke siku ya kukata, siku ya huduma usimame. Itakuwa mara ya kwanza mji mzima kukuombea usipone haraka.

Wako mtiifu,

(Jina, namba ya simu na alama za vidole unavyo tayari.)