Utangulizi wa Vitufeolojia: Aina za Wabonyezaji kutoka Ruiru hadi Thika

Mwanagenzi, keti wima. Vitufeolojia ni taaluma inayochunguza namna kidole kinavyoingiza fomula katika kikokotoo cha kisayansi. Wanaastronomia hupima nyota, lakini hawafiki mbali bila sin na kos. Kwa hiyo nyota ni tawi dogo la taaluma yetu.

Ruiru ilijipatia jina kwa Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985. Sasa uwanja uo huo, kupitia Juja hadi Thika mjini, unatupatia aina nne za binadamu. Chombo cha rejea ni Casio fx-82MS.

1. Mtangulizafomula. Hubonyeza sin, kisha 30. Amegawanyika: (a) mfungabano, na (b) mwachabano, asiyefunga bano la mwisho kabla ya alama ya sawasawa. Wote wawili hupata jibu lile lile. Usihadaike, mwanagenzi: majibu yanalingana, tabia hazilingani.

2. Mcheleweshafomula. Hubonyeza 30, kisha sin, kama alivyozoea kwenye kikokotoo cha zamani. Huyu hushtakiwa papo hapo kwa kosa la sintaksia, na hana rufaa.

3. Msahaubano. Anatafuta kipeuo cha pili cha 9 + 16. Kwa kuwa hakufungua bano, kipeuo kinaishia kwenye 9, naye anapata 19 badala ya 5. Hupata nafuu pale tu swali la KCSE linapoagiza hesabu ifanywe bila majedwali wala kikokotoo.

4. Mradiani. Huyu ndiye hatari. Hatazami herufi ndogo iliyo juu ya kioo: D ni digrii, R ni radiani, G ni gradi. Chukua fundi wa paa huko Ruiru: nusu ya upana wa nyumba ni mita 4, mwinamo digrii 30. Chini ya D, tan 30 ni 0.577, na kimo cha paa ni mita 2.31. Chini ya R, tan 30 ni −6.405. Paa linazama ardhini mita 25.6, na mpangaji wa juu anageuka mchimba kisima.

Zoezi. Bonyeza sin 30. Ukipata 0.5, umehitimu. Ukipata 0.454, uko kwenye gradi, rudia muhula. Ukipata −0.988, usimjengee mtu nyumba.